Kwa nini Zuzu nzima tunapanda Toyota?

Wale mnaosoma uchumi na kutuchokoza sisi wa historia kwamba tunasoma "mambo ya marehemu", leo nawaletea historia yenye matairi. Nataka tuongelee Toyota. Simpigii mtu debe hapa, mimi mwenyewe sina hata baiskeli. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: imekuwaje kampuni iliyoanzia kwenye mashine za kufuma nguo huko Japani ikaja kuwa gari la kila mtu hapa kwetu Zuzu? (Ndiyo, Zuzu. Chekeni kwanza mmalize, tumeshazoea.)

Kaa pembeni ya barabara yetu ya kwenda Dodoma mjini asubuhi moja tu utaelewa. Inapita Noah imejaza mpaka mlango unafungwa kwa kusukumwa. Inafuata Hiace. Halafu Hilux imebeba magunia, halafu kaIST ka mwalimu, na mwisho linakatiza Land Cruiser lenye namba za STK, linatuachia vumbi tule. Hao wote ni ndugu wa baba mmoja. Ukiwauliza watu sababu, jibu ni lile lile: "Toyota haifi." Sasa hilo jibu mimi limeshanichosha. Gari lolote linakufa. Nenda nyuma ya gereji yoyote uone Toyota zilizolala pale, kuku wanatagia kwenye siti. Kwa hiyo lazima kuna sababu nyingine, na kuipata inabidi turudi nyuma kidogo.

Tuanzie hapa hapa kwetu, Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha ule mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa ndiyo ilikuwa kitovu. Walikuja na matrekta ya kununua mitumba, mengi yakiwa masalia ya vita ya pili ya dunia, mengine yametolewa mpaka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Kilichotokea wazee wetu wanakijua: mbuyu haung'oki kirahisi, udongo wetu jua likiwaka unakuwa kama saruji, na mashine zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Spea hakuna, mafundi hawatoshi, karakana iko nyuma ya kazi. Mwaka 1951 Waingereza wakafunga virago, zaidi ya pauni milioni 30 zimeenda na maji. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua ikiwemo, lakini somo moja lilibaki kwenye udongo huu: mashine isiyotengenezeka hapa ilipo ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

Sasa mwaka huo huo wa 1951, Japani, mwezi wa saba, dereva wa majaribio wa Toyota anaitwa Ichiro Taira aliendesha gari jipya kupanda mlima Fuji mpaka kituo cha sita, sehemu ambayo gari lilikuwa halijawahi kufika. Gari lile liliitwa Toyota Jeep BJ. Jina la Jeep lilikuwa la watu, Wamarekani wakalalamika, na mwaka 1954 likabatizwa Land Cruiser. Jina lilichaguliwa makusudi lilingane uzito na Land Rover ya Waingereza. Yaani ugomvi wa barabara zetu ulianzia kwenye jina.

Na hao Toyota walitokea wapi? Mzee Sakichi Toyoda alizaliwa 1867, alikuwa mtu wa mashine za kufuma. Mwaka 1924 alikamilisha mashine ambayo uzi ukikatika inajisimamisha yenyewe, haiendelei kufuma nguo mbovu. Kumbukeni hapo, nitarudi. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki za mashine hiyo. Mtoto wake Kiichiro ndiye alikuwa na wazimu wa magari. Mwaka 1933 alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha mashine za kufuma. Alianzaje? Walinunua Chevrolet ya Kimarekani, wakaifungua yote, nati kwa nati, wakachora na kuiga. Mwaka 1936 likatoka gari lao dogo la kwanza la kuuza, Model AA. Mwaka huo huo jina la Toyoda likabadilishwa kuwa Toyota, kwa sababu kwa maandishi yao Toyota inaandikwa kwa michoro 8, na 8 kwao ni namba ya bahati. Mwaka 1937 kampuni ya magari ikasimama yenyewe.

Msidhani walipaa moja kwa moja. Mwaka 1950 walikuwa wamebakiza kidogo kufilisika. Wafanyakazi zaidi ya elfu moja waliondoka, kukawa na mgomo mkali, na Kiichiro akajiuzulu. Kilichowaokoa ni vita ya Korea iliyoanza mwaka huo huo, jeshi la Marekani likaagiza malori kwao. Kiichiro alikufa 1952 hajaona Corolla ya kwanza ya 1966, wala Hiace ya 1967, wala Hilux ya 1968. Hayo matatu pamoja na Land Cruiser ndiyo yaliyotufikia sisi.

Ila wakati tunapata uhuru Toyota hakuwa mfalme hapa. Barabara mbaya zilikuwa za Land Rover. Baadaye watu wazima wakawa wanaiheshimu Peugeot 504, na Datsun nayo ilikuwa juu kwa sababu ya yale mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun ilishinda 1970, 1971 na 1973, halafu Shekhar Mehta akaja kuipa ushindi mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Toyota ilisubiri mpaka 1984 ndipo Björn Waldegård akashinda na Celica. Hapo hapo wakakaa: 1985, 1986, kisha miaka ya 90 wakazidi kukusanya. Na rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota wakaanza kushinda tena kila mwaka. Mzee wa Kizaramo au wa Kigogo aliyekuwa anafuatilia kwenye redio hakuhitaji tangazo lingine.

Lakini rally haiwezi kukununulia gari, na hapa ndipo siasa yetu inaingia. Baada ya Azimio la Arusha 1967, kuwa na gari binafsi halikuwa jambo la kujivunia sana, na hata ukiwa na hela, fedha za kigeni zilikuwa mikononi mwa serikali na uagizaji ulipitia mashirika ya umma. Halafu ikaja bei ya mafuta ya miaka ya 70, ikaja vita ya Kagera 1978 na 1979, nchi ikakauka kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Gari lilikuwa la serikali, la shirika au la misheni. Mtu wa Zuzu alipanda treni ya reli ya kati, lori la mazao, au miguu yake.

Mlango ulifunguliwa 1984, bajeti ya mwaka ule iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa mwenyewe, na mlango ukabaki wazi. Hapo ndipo Toyota za mitumba zikaanza kuingia, kwanza kidogo kidogo kupitia Dubai, baadaye kama maji.

Kwa nini ziwe za Japani na siyo za Ulaya? Sababu ya kwanza ni usukani. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani kulia, wakati karibu Ulaya yote na Marekani ni kinyume. Sababu ya pili ni sheria zao. Gari jipya la kutembelea kule linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi wenyewe una gharama. Mjapani anaona bora auze anunue jipya. Kinachomshinda yeye kwa ukaguzi ndicho kinachoshuka bandarini Dar es Salaam na kuitwa "gari jipya". Sababu ya tatu ni kwamba Toyota ndiyo waliokuwa wanatengeneza kwa wingi kuliko wenzao, kwa hiyo hata kwenye mitumba wao ndio wengi. Wakenya waliweka sheria gari lisizidi miaka 8. Sisi hatujazuia, tunachaji ushuru wa uchakavu, gari likizidi miaka 8 unalipa, likizidi 10 unalipa zaidi. Ndiyo maana bongo utakuta Noah iliyozaliwa kabla yako bado inatafuta maisha.

Magari mapya yana njia yake. Toyota Tanzania iko chini ya kundi la Karimjee, ile familia ya wafanyabiashara iliyoanzia Zanzibar karne ya 19, ndiyo hao hao wenye jina kwenye ukumbi wa Karimjee, Dar, ambako Bunge lilikuwa likikaa kabla halijahamia Dodoma. Mnunuzi mkubwa wa mapya ni serikali, miradi ya wafadhili na mashirika. Hapo ndipo lilipozaliwa neno shangingi. Kwa wasiojua, shangingi mwanzo lilikuwa neno la kumsema mwanamke wa makuu, watu wakalihamishia kwenye Land Cruiser VX la kigogo. Sisi wa Dodoma tuliyaona zaidi kuliko wengine maana Bunge likianza tu, mji unabadilika rangi. Hata Mizengo Pinda akiwa Waziri Mkuu aliwahi kuyapigia kelele. Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa nguvu 2016, na Dodoma kuwa jiji 2018, hatusubiri tena Bunge. Mashangingi ni majirani.

Sasa tuje kwa wenye nao. Wiki mbili hizi nimezunguka kwa madereva na mafundi hapa Zuzu na mjini nikiwauliza swali moja: unalionaje gari lako? Naandika walichosema bila kutaja majina, maana wengine bima zao zina hadithi.

Dereva wa Noah, za zamani zile zilizoanza kutoka 1996, aliniambia: "Hii injini ya 3S naijua kama ugali wa kwetu. Ikigoma porini naiwasha." Hakusema haigomi. Alisema akigomewa anajua la kufanya. Na spea? Ziko. Mpya zipo, za mtumba zipo, feki zipo, na fundi chini ya mkwaju anaweza kukuchomoa moja kwenye Noah iliyokufa akakufungia kwako jioni ile ile.

Mwenye IST, dada mmoja anayefanya kazi mjini, yeye anasifia wese. IST zilianza kutoka 2002, na za kwanza zina injini za 1.3 na 1.5 zinazotumia cheni badala ya mkanda, kwa hiyo ule mkanda unaokatika na kukuachia kilio haupo. Alichonifurahisha ni hiki: "Ni akiba yangu. Nikipata shida leo, kesho limeuzika." Hii nimeisikia kwa karibu wote. Toyota kwao ni kama ng'ombe kwa Mgogo: linakubeba, na siku ya shida unalipeleka mnadani.

Malalamiko nayo yapo kibao. La kwanza ni D-4. Hilo neno mtaje fundi yeyote uone anavyokunja uso. D-4 ni injini za Toyota zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Kule Japani kwenye mafuta masafi zinabana wese vizuri. Hapa kwetu, pampu na nozeli zake hazitaki uchafu hata kidogo, na sisi tulikuwa na miaka ya uchakachuaji, mafuta ya taa yanachanganywa kwenye petroli na dizeli mpaka serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010 na kupandisha kodi ya mafuta ya taa 2011. Mtu alinunua gari zuri, miezi michache linakohoa kama mzee wa sigara. Ndiyo maana mpaka leo mtu anafungua boneti kwanza, akiona D-4 anafunga na kuondoka. Akiona VVT-i ya kawaida anatabasamu.

La pili ni kilomita za uongo, saa imerudishwa nyuma. La tatu ni lugha: dashibodi inaongea Kijapani asubuhi mpaka jioni na hakuna anayejua inaomba nini. Redio nayo za kule zimetengenezwa kwa masafa ya kuanzia 76, kwa hiyo stesheni nyingi za kwetu huzipati mpaka ufungiwe kifaa. Wanacheka wakisimulia, ila wanalipia.

La nne halichekeshi. Hiace na Noah za zamani zimekaa mtindo ambao injini iko chini ya siti za mbele, na mbele ya magoti ya dereva kuna bati tu. Mkikutana uso kwa uso na lori, bati hilo ndilo breki yenu ya mwisho. Gari limetengenezwa libebe watu wanane, kwetu linabeba mpaka mtu anakaa kwenye ndoo kati ya siti. Breki zile, bushi zile, shokapu zile hazikuhesabiwa kwa mzigo huo. Fundi mmoja mjini aliniambia magari mengi ya abiria yanaletwa kwake breki zimeshafika chuma kwa chuma. Nikamuuliza walikuwa hawasikii kelele? Akasema: "Wanasikia. Wanaongeza sauti ya muziki."

Hili jibu ndilo linanirudisha kwa mzee Sakichi na uzi wake. Falsafa yote ya Toyota inasemekana imesimama pale: kitu kikiharibika, simamisha mashine, tafuta chanzo, ndipo uendelee. Mfanyakazi wa kiwandani ana kamba ya kuvuta, akiona kasoro mstari unasimama. Na wao wenyewe kuna wakati walisahau. Mwaka 2008 waliipita General Motors kwa mauzo duniani, GM iliyokuwa mbele tangu 1931. Haukupita muda, 2009 na 2010, wakaita mamilioni ya magari kwa sababu ya zulia lililonasa pedali na pedali zilizogoma kurudi. Watu walikufa Marekani. Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, alikwenda mbele ya wabunge wa Marekani Februari 2010 kuomba radhi, na akakiri kwamba kampuni ilikua haraka kupita kiasi. Mwaka 2014 wakakubali kulipa dola bilioni 1.2. Desemba 2023 ikaibuka tena kwa kampuni yao tanzu ya Daihatsu, vipimo vya usalama vilikuwa vimechakachuliwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayesema Toyota haikosei, hiyo ni imani, siyo historia.

Baba yangu mdogo na wenzake wa kikundi chao cha kuweka na kukopa wamekusanya hela, nyingine za zabibu, nyingine za mbuzi waliouzwa, wanataka kununua gari la abiria la Zuzu na mjini. Hela ile ni ada za watoto wa watu. Walinipa kazi ya kuwaambia "wewe msomi, gari gani?" Nimewaambia Noah, injini isiyo ya D-4, kwa sababu nilizowaandikia hapo juu: fundi wake yupo, spea yake ipo, na siku ya kuuza mnunuzi yupo. Nimewaongezea masharti mawili wakanuna. Moja, kila mwezi hela ya breki itengwe kabla ya mgao. Mbili, dereva akisema gari lina kelele linalala, hata kama ni siku ya mnada. Wazee wakasema huyu mtoto chuo kimemharibu. Ila sharti la kwanza wamelipitisha, la pili bado wanalijadili.

Jibu langu kwa swali la mwanzo, basi, ni kwamba Toyota ilitushika kwa mambo matatu: usukani wa kulia, mlango uliofunguliwa 1984, na mafundi wetu. Hilo la tatu halipo kwenye vitabu vya kampuni. Kiichiro alifungua Chevrolet nati kwa nati mpaka akaielewa. Mafundi wetu wameifungua Toyota vivyo hivyo, bila michoro, kwa zaidi ya miaka arobaini. Tuliwahi kujaribu kutengeneza letu, lori la Nyumbu pale Kibaha, halikufika mbali sokoni, lakini ujuzi wa mtaani ulikua kimya kimya, na huo ndio uliokosekana Kongwa 1947.

Na huo ujuzi ndio ulio hatarini sasa hivi. Zinaingia gari za umeme nusu, za betri, zenye kompyuta kila kona. Prius ya kwanza ilitoka 1997 na ndugu zake wameshaanza kuonekana mjini. Nilimuuliza fundi wa mkwaju ataifanyaje siku ikija kwake imekufa betri. Akafuta mikono kwenye ovaroli, akaniambia: "Mwambie mwenyewe alete mbili. Moja ya kutembelea, moja ya kujifunzia."

Tupo pamoja wadau. Wiki ijayo nikijaliwa nawaletea historia ya treni ya kati, na hapo wale wa Tabora jiandaeni.